ELIMU YA WAZAZI NA UJIFUNZAJI WA KIINGEREZA: JE, MZAZI ASIYEJUA LUGHA HIYO ANA LA KUCHANGIA?

0. Utangulizi

Katika miji ya kusini na mashariki ya Kongo, tangu Lubumbashi na Likasi hadi Bukavu na Goma, hamu ya Kiingereza imeongezeka mwaka hata mwaka. Sababu zake si za kutafutwa mbali. Lubumbashi iko karibu na Zambia, nchi ambayo lugha yake rasmi ni Kiingereza, na sehemu kubwa ya shaba ya Katanga hupita mpakani Kasumbalesa ikielekea bandari za kusini na za mashariki ya Afrika. Goma na Bukavu zatazamana na Rwanda, ambayo mwaka 2008 iliamua kukiweka Kiingereza mahali pa Kifaransa katika ufundishaji. Hatimaye nchi yetu yenyewe ilitia sahihi mkataba wa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, ikawa mwanachama kamili tarehe 11 Julai ya mwaka huo huo. Mkataba ulioanzisha Jumuiya hiyo mwaka 1999, katika kifungu chake cha 137, ulikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano ya watu wote ambayo yapasa kukuzwa.

Mambo hayo yamewatia wazazi wengi wasiwasi, na wasiwasi huo umezaa kauli mbili ambazo husikika mara kwa mara. Ya kwanza yasema kwamba mtoto wa msomi atakijua Kiingereza na mtoto wa asiyesoma hatakijua, kwa kuwa kila mti huzaa matunda yake. Ya pili yasema kwamba mzazi anayemtakia mtoto wake heri na aache kusema naye Kiswahili nyumbani, amzoeshe lugha za wazungu tangu utotoni, hata kama mzazi mwenyewe hazijui vizuri.

Katika makala haya tunakusudia kuzipima kauli hizo mbili. Tutaonyesha kwamba elimu ya wazazi ina uzito mkubwa kweli katika masomo ya mtoto, lakini sehemu kubwa ya uzito huo haitokani na Kiingereza ambacho mzazi anakijua. Hutokana na mazungumzo, na maandishi, na ufahamu wa mambo ya shule. Na vitu hivyo vitatu vyaweza kupita katika lugha yoyote ile, Kiswahili kikiwamo.

1. Elimu ya wazazi ni nini?

Watafiti wengi huipima elimu ya mzazi kwa kuhesabu miaka aliyokaa shuleni. Kipimo hicho ni chepesi, lakini katika nchi yetu huficha mengi. Tuchukue ukoo mmoja wa Katanga katika vizazi vitatu. Babu alisoma katika shule za kambi za Union Minière, zilizokuwa mikononi mwa wamisionari Wabenedikto, na madarasa yake ya kwanza aliyapata kwa Kiswahili. Baba aliingia shuleni baada ya mwaka 1962, wakati Kifaransa kilipofanywa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza la shule ya msingi. Mtoto wa baba huyo alianza shule mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya lugha za taifa kurudishwa katika madarasa ya chini. Kila mmoja wa watu hao aweza kusema, "Nilisoma miaka sita." Hata hivyo, elimu zao si moja. Mmoja husoma barua ya Kiswahili bila kusita na kushindwa na tangazo la Kifaransa. Mwingine hujaza karatasi za serikali kwa Kifaransa, lakini hajapata kushika kitabu cha Kiswahili isipokuwa kanisani.

Kwa hiyo yafaa kutofautisha mambo matatu: kiasi cha elimu, yaani miaka na vyeti, lugha ya elimu, na matumizi ya elimu nyumbani. Jambo la tatu ndilo linalomgusa mtoto kwa karibu zaidi. Diploma iliyofungiwa sandukuni haimfundishi mtoto kitu. Kinyume chake, mama aliyeacha shule katika darasa la nne, lakini ambaye huandika daftari la madeni ya genge lake kila jioni mbele ya watoto, anawaonyesha kila siku kazi ya maandishi.

2. Yale yaliyokwisha kuthibitishwa

Uchunguzi mashuhuri zaidi juu ya jambo hili ni ule ulioongozwa na James Coleman nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 1966 na kuhusu wanafunzi zaidi ya 500,000. Ulidai kwamba tofauti za matokeo ya wanafunzi zilitokana na hali ya nyumbani kuliko vifaa vya shule. Watu wengi waliishia hapo, wakahubiri kwamba shule haina nguvu mbele ya ukoo.

Lakini mwaka 1983 Stephen Heyneman na William Loxley walilinganisha nchi 29, tajiri na maskini, wakaona kwamba mambo si hivyo kila mahali. Katika nchi maskini, ubora wa shule na wa walimu ulikuwa na uzito mkubwa zaidi katika masomo ya watoto kuliko hali ya nyumbani. Sababu yake yaeleweka. Pale ambapo darasa halina kitabu hata kimoja, kitabu cha kwanza huleta badiliko kubwa. Pale ambapo shule zote zina vitabu, tofauti inayobaki ni ile ya nyumbani. Kwa msomaji wa Kongo hili ni jambo la kutia moyo: nchini kwetu nafasi ya mwalimu ingali kubwa.

Haimaanishi kwamba nyumba haina uzito katika Afrika. Kwa miaka kadhaa mpango wa Uwezo uliwapima watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda majumbani mwao, katika kusoma na kuhesabu, kwa mazoezi ya kiwango cha darasa la pili. Kiingereza kilikuwa miongoni mwa yaliyopimwa. Matokeo yake yameonyesha kwamba watoto ambao mama zao wamesoma zaidi hufanya vizuri kuliko wenzao. Tusisahau, hata hivyo, kwamba elimu na mali huandamana. Mama aliyesoma mara nyingi ndiye mwenye taa ya kusomea, chakula cha kutosha, na fedha za kumlipa mwalimu wa kumrudilia mtoto masomo. Si haki kuhesabu yote hayo kuwa ni matunda ya elimu peke yake.

3. Njia ambazo elimu ya mzazi hupitia

3.1. Mazungumzo

Mtaalamu Shirley Brice Heath, katika kitabu alichokitoa mwaka 1983, alieleza maisha ya jumuiya mbili za wafanyakazi katika majimbo ya Carolina nchini Marekani, ambazo alizipa majina ya Roadville na Trackton. Jumuiya zote mbili zilisema Kiingereza, na watoto wa zote mbili walipata taabu shuleni, lakini kwa namna tofauti. Huko Roadville wazazi waliwafundisha watoto majina ya vitu na kuwasomea vitabu, lakini hawakuwazoesha kuhoji wala kubuni. Watoto hao walianza vizuri, kisha wakaachwa nyuma katika madarasa ya juu. Huko Trackton watoto walikuwa mafundi wa kusimulia na kulinganisha vitu, lakini hawakuzoea swali la mwalimu anayeuliza jambo ambalo yeye mwenyewe analijua.

Funzo ni hili: hata pale ambapo lugha ya nyumbani ndiyo lugha ya shule, mtoto aweza kushindwa ikiwa namna ya kutumia lugha nyumbani haifanani na ile ya darasani. Mzazi aliyesoma humwuliza mtoto maswali ya namna ya shule bila kujua kwamba anamfundisha: Hiki ni nini? Kwa nini kimeanguka? Hadithi ile iliishaje? Maswali hayo hayahitaji Kiingereza. Yaulizwapo kwa Kiswahili, humjenga mtoto kwa ajili ya darasa lolote, la Kiingereza nalo pia.

3.2. Maandishi

Njia ya pili ni maandishi yanayoonekana nyumbani. Mtoto anayewaona wakubwa wakisoma hujifunza, kabla ya kuijua herufi ya kwanza, kwamba alama zile zina maana, kwamba husomwa toka kushoto kwenda kulia, na kwamba mtu mzima huziheshimu. Katika mitaa yetu ya Katuba na Ruashi nyumba nyingi hazina kabati la vitabu. Hata hivyo zina Biblia ya Kiswahili, kitabu cha nyimbo, kalenda, karatasi za hospitali, na siku hizi ujumbe wa simu. Tofauti kati ya nyumba na nyumba haimo sana katika wingi wa karatasi. Imo katika kuzisoma kwa sauti, au kuziacha zikae kimya.

3.3. Ufahamu wa shule

Njia ya tatu haisemwi sana, lakini huenda ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Pierre Bourdieu na Jean-Claude Passeron, katika vitabu vyao vya mwaka 1964 na 1970, walieleza namna shule ya Ufaransa ilivyowapa tuzo wale ambao tayari walikuwa wamepewa na nyumba zao: namna ya kusema, ya kujitetea, ya kuchagua. Waliita urithi huo mtaji wa kiutamaduni. Mzazi aliyesoma anajua kusoma karatasi ya alama; akiona mtoto amepata chini ya nusu katika Kiingereza, huenda kumwona mwalimu, huuliza sababu, hutafuta mtu wa kumsaidia. Mzazi asiyesoma huona alama iliyoandikwa kwa wino mwekundu, humkaripia mtoto, na mambo huishia hapo. Wote wawili wampenda mtoto wao kwa kadiri moja. Tofauti yao ni kwamba mmoja anajua ni mlango upi wa kubisha.

3.4. Kifaransa kama daraja

Kuna njia ya nne iliyo maalumu kwa nchi zilizotawaliwa na Wabelgiji na Wafaransa. Kiingereza kina maneno mengi sana yenye asili ya Kifaransa au Kilatini. Mzazi aliyesoma kwa Kifaransa, hata kama hajui Kiingereza, akifungua daftari la mwanawe huyatambua maneno kama "nation", "table" na "important", ambayo huandikwa vilevile katika lugha zote mbili. Aweza kumwambia mtoto: hili unalijua tayari. Mtoto wa nyumba isiyo na Kifaransa huanza na ukurasa uleule kana kwamba kila neno ni geni.

Daraja hilo lina mashimo yake. Neno la Kiingereza "library" ni maktaba, ilhali "librairie" ya Kifaransa ni duka la vitabu. "Actually" ni kusema "kwa kweli", ilhali "actuellement" ni "wakati huu". Basi hata msomi aweza kumpotosha mtoto asipojihadhari. Jambo la kukumbuka ni kwamba msaada huu waweza kutolewa na mwalimu kwa darasa zima. Saa moja ya kuyapanga maneno yanayofanana na yale yanayodanganya humpa mtoto wa asiyesoma kile ambacho mwenzake alikipata mezani kwa baba yake.

4. Kiswahili ni kizuizi?

Sasa twaja kwenye kauli ya pili, ile inayowataka wazazi wakiache Kiswahili nyumbani. Mwaka 1979 Jim Cummins alitoa nadharia ya kutegemeana kwa lugha: kwamba ujuzi wa kusoma, kupanga mawazo na kueleza hoja, ukijengwa imara katika lugha ya kwanza, huhamia katika lugha ya pili mradi mtoto aifundishwe vya kutosha. Mtu hajifunzi kusoma mara mbili. Akijua kusoma Kiswahili, kinachobaki ni kujifunza Kiingereza. Asiyejua kusoma hubeba mizigo miwili kichwani kwa wakati mmoja.

Afrika imetoa ushahidi wake. Kuanzia mwaka 1970, huko Ile-Ife nchini Nigeria, Babs Fafunwa na wenzake waliwafundisha watoto kwa Kiyoruba katika miaka yote sita ya shule ya msingi, Kiingereza kikiwa somo tu. Watoto hao hawakuachwa nyuma katika Kiingereza na wenzao waliohamia katika lugha hiyo mapema. Ni kweli kwamba mradi ule ulikuwa na vitabu vilivyotayarishwa vizuri na Kiingereza kilichofundishwa na walimu waliokimudu. Na hilo lenyewe ni funzo, kwamba lugha ya nyumbani haitoshi bila mwalimu mwema wa lugha ya kigeni.

Ushahidi wa pili uko mlangoni petu. Mwaka 1966 Zambia ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Baada ya miaka mingi ilionekana kwamba watoto wengi hawakuweza kusoma vizuri Kiingereza wala lugha zao wenyewe. Mwaka 1998, katika wilaya za Kasama na Mungwi, lilifanyika jaribio la kuwafundisha watoto kusoma kwa Kibemba kwanza, lugha ambayo husikika hata katika masoko ya Lubumbashi. Wengi waliweza kusoma baada ya mwaka mmoja tu. Mpango ulipoenezwa nchini kote kwa lugha mbalimbali, usomaji ulipanda katika lugha za Zambia, na ukapanda katika Kiingereza pia.

Upo hata msaada wa kisarufi ambao wazazi wetu hawautambui. Kifaransa cha mazungumzo husema "il a lu" kwa mambo mawili ambayo Kiswahili sanifu huyatenga: "amesoma" na "alisoma". Kiingereza nacho huyatenga: "he has read" na "he read". Katika Kifaransa mtu aweza kuongeza "jana" baada ya "il a lu" bila kosa. Katika Kiingereza haifai kusema "he has read" pamoja na "jana", kama vile katika Kiswahili sanifu haifai kusema "amesoma jana". Mwanafunzi anayefikiri kwa Kifaransa peke yake hulikosea jambo hili kwa miaka. Anayekijua Kiswahili sanifu ana kiambishi cha kumwongoza. Twakiri kwamba Kiswahili cha mitaani kwetu hakifuati daima mpangilio huo, na kwamba mahali pengine Kifaransa ndicho kisaidiacho: chajua kutenga "il" na "elle", ilhali kiambishi "a-" cha Kiswahili hakibagui mume na mke, na ndiyo maana watoto wetu humwita mama "he". Kila lugha ya mtoto ina sehemu yake ya msaada, naye mwalimu mwenye busara hazitupi, huzitumia zote.

5. Hasara ya kukiacha Kiswahili nyumbani

Tuwaze sasa mama mwuzaji wa unga atokao Zambia. Amesoma kidogo. Kiswahili chake ni kipana: ana hadithi, mithali, hesabu za soko, na maneno ya kutuliza ugomvi. Kifaransa chake ni cha maneno machache, na Kiingereza chake ni kile cha bei na salamu alichokiokota mpakani. Akishawishika kwamba Kiswahili kitamharibia mtoto, atasema naye kwa lugha ambayo hawezi kueleza kwayo sababu ya jambo lolote. Atabaki na amri: njoo, kaa, nyamaza, kula. Maswali yatakoma, hadithi zitakoma, na mtoto ataingia shuleni na lugha mbili zilizo nusu badala ya moja iliyo nzima.

Hivyo mama huyo atakuwa ametupa kile hasa ambacho elimu ya wazazi huwapatia watoto wa wasomi, yaani mazungumzo marefu na mtu mzima anayejua anachosema. Msomi anapoacha Kiswahili na kusema Kifaransa na wanawe, hupoteza urithi lakini hubaki na lugha ya kufikiri nayo pamoja nao. Mzazi asiyesoma hupoteza vyote viwili. Ndiyo maana tunasema kwamba ushauri huo, ingawa hutolewa kwa nia njema, huwaumiza zaidi wale wanaouhitaji msaada zaidi.

Tena ushauri huo hauafikiani na sheria zetu. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha kwanza, yakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 yakubali lugha za taifa na za mazingira katika kufundishia na kama masomo. Kazi iliyobaki ni kuzitekeleza darasani.

6. Mapendekezo

Kwa mzazi aliyesoma kidogo, tungependekeza mambo manne yasiyodai fedha nyingi. Asimulie hadithi kwa Kiswahili, kisha amwombe mtoto airudie na kuihukumu. Amwombe mtoto amsomee kwa sauti chochote kilichopo, iwe sura ya Biblia au karatasi ya zahanati. Kila jioni amwambie mtoto amweleze kwa Kiswahili yale aliyojifunza katika somo la Kiingereza. Anayeweza kueleza ameelewa, na mzazi hahitaji kuijua lugha ili kutambua kwamba mtoto anasitasita. Mwishowe, aende shuleni angalau mara moja katika kila muhula, asisubiri kuitwa kwa makosa.

Kwa shule, tungependekeza kwamba mikutano ya wazazi ifanywe kwa Kiswahili pale ambapo ndicho lugha ya watu, na kwamba maana ya alama ielezwe waziwazi. Walimu wa Kiingereza wasiwaadhibu watoto kwa kusema Kiswahili. Walinganishe lugha mbele yao. Walimu waliofanya kazi na Heath huko Carolina walijifunza kuzichunguza desturi za nyumbani mwa wanafunzi wao na kuzitumia darasani. Ikiwa mtoto analazimika kuisogelea shule, si vibaya shule nayo ikimsogelea hatua moja.

7. Hitimisho

Kauli ya kwanza, kwamba mtoto wa msomi tu ndiye atakayejua Kiingereza, ina chembe ya kweli, lakini yasahau kwamba katika nchi kama yetu mwalimu na kitabu vingali na uwezo wa kupunguza pengo. Kauli ya pili, kwamba Kiswahili kiachwe nyumbani, haina msingi katika utafiti tulioutaja. Yale ya Ile-Ife na ya Zambia yaelekea upande wa pili kabisa. Elimu ya mzazi humfikia mtoto kwa kinywa, kwa karatasi na kwa ujasiri wa kubisha hodi shuleni. Mzazi ambaye hakupata bahati ya kusoma sana anacho kinywa, tena kimejaa Kiswahili. Ni wajibu wetu sisi tunaofundisha lugha hii chuoni kumwambia asikifunge.